Hujanijibu Salamu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimecheka hadi nikashika ukuta. Mama kasahau namba ya siri ya pesa kwenye simu yake, kaniambia, "Kitinda, niachie mwenyewe, nitawapigia wenye mtandao." Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Kavaa miwani, kaisogeza cherehani pembeni, kakaa vizuri kama mtu anayepokea mgeni. Akapiga.

Sauti ya mashine: karibu, simu hii inaweza kurekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, kwa Kiswahili bonyeza moja.

Mama: "Hujambo, binti? Habari za kazi?"

Samahani, hujachagua huduma.

"Nitachagua, usiwe na haraka. Hujanijibu salamu."

Kwa Kiswahili, bonyeza moja.

"Wazazi wako hawajambo?"

Nikafuta mikono, nikachukua simu yangu, nikarekodi kutoka mlango wa jikoni. Mama hakuniona, alikuwa amenipa mgongo nusu. Akamsubiri yule "binti" amalize kusema, akaitikia "eeh", "sawa", "nakusikia". Mwishowe mashine ikakata. Mama kaishika simu, kaitazama, kasema kwa huruma kabisa: "Huyu amechoka. Hata kula hajala."

Nilivyocheka! Aliponiuliza nacheka nini, nikamwambia nimekumbuka jambo la kazini. Namba ya siri nikamrekebishia mwenyewe, hata dakika haikuisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimeposti ile video kwenye ukurasa wa darasa langu. Juu yake nimeandika: "Usiachwe nyuma! Njoo ujifunze simu na kompyuta." Uso wa Mama unaonekana upande mmoja tu. Nani atamjua?

Darasa langu lina wiki mbili halijapata mwanafunzi mpya. Chumba kile juu ya duka la vifaa vya ujenzi kinapwaya. Tangazo la kawaida hakuna anayelitazama. Watu wanataka kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Imesambaa! Sijui niiteje — moto? Asubuhi nimekuta simu imejaa hadi inakwama. Watu nisiowajua, wa miji nisiyoijua. Wengine wameweka muziki. Wengine wameigiza, kijana kavaa kitenge na miwani anaisalimia pasi: "Hujanijibu salamu!"

Darasani viti havikutosha. Muuza vipuri kaja na mkewe. Msusi wa mtaa wa pili kaja na wasichana wake wote wa saluni. Nikafundisha kutuma picha za bidhaa, kujibu wateja, kufungua ukurasa wa biashara. Nilikuwa na furaha, nisijidanganye.

Msusi kaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, yule bibi ni nani? Yuko hapa hapa mjini?"

"Simjui," nikasema. "Nilimkuta tu mahali."

Ikatoka laini kama maji. Simjui! Na nilikuwa nimevaa gauni alilonishonea yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Sijaenda kwa Mama leo. Nimemwambia nina kazi nyingi. Ni kweli, kazi ni nyingi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejifungia ndani, naandika.

Leo kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Mwalimu mkuu aliniita niwaonyeshe wazazi jinsi ya kupata matokeo ya watoto kwenye simu, badala ya kupanga foleni ofisini. Nikaunganisha projekta, nikaeleza, wakanielewa. Nikapigiwa makofi.

Halafu likaja suala la sare. Mama ndiye fundi wa sare za shule ile tangu mimi nikiwa mwanafunzi pale. Kila mwaka anasimama anaeleza vipimo, kitambaa, siku ya kuchukua. Watu humsikiliza. Mama akisimama huwa hata watoto wa mgongoni wananyamaza.

Akasimama. Akasema, "Wazazi wenzangu, hamjambo?"

Kutoka nyuma sauti ya mwanamume: "Mjibuni salamu jamani, asije akanuna!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzima! Mwalimu mkuu kafunika mdomo kwa karatasi. Mama akatabasamu pia, maskini — alidhani kuna kitu kimeanguka nyuma yake. Akageuka kutazama. Wakacheka zaidi. Akajaribu tena: "Mwaka huu kitambaa —" na mwingine akapaza, "Kwa kitambaa, bonyeza moja!"

Mimi nilikuwa mbele, hatua chache kutoka kwake, nimeshika waya wa projekta. Ningeweza kusema kitu. Nikainama nikaanza kuukunja ule waya. Nikaukunja, nikaukunjua, nikaukunja tena.

Mwanamke aliyeketi jirani naye akamvuta mkono, akamwonyesha kwenye simu. Nikaona Mama anaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akatazama tena. Kisha akakaa. Hakumaliza habari za sare. Wakaenda kwenye ajenda nyingine.

Njiani kurudi nilimshika mkono. Karibu na nyumbani ndipo kasema: "Kumbe yule binti alikuwa ananirekodi. Na alisema! Alisema simu inarekodiwa. Mimi nikadhani ni maneno tu."

Nami nikasema — nani huyu aliyesema kwa mdomo wangu? — nikasema, "Watu wana roho mbaya, Mama."

Jumapili, 9 Machi

Nimeifuta. Nimefuta video, nimefuta tangazo. Sasa iko kwenye kurasa ambazo hata siwezi kuzihesabu. Mimi ndiye niliyewaambia wanafunzi wangu juzi: kabla hujaposti, fikiri, maana ukishaposti si yako tena. Niliandika ubaoni kabisa, nikapigia mstari.

Jumatatu, 10 Machi

Kaka kapiga kutoka huko aliko. Kaiona kazini kwake. Wenzake wanaitumia kusalimiana!

"Nani kafanya huu upuuzi? Wewe si ndiye mtu wa mitandao? Mtafute. Nikimpata mimi, atajuta kuzaliwa."

"Ninafuatilia," nikasema.

"Mama anasemaje?"

"Hasemi kitu."

Ni kweli. Jana na leo hakufungua mlango wa mbele. Wateja wanaingilia uani. Fundi mwenzake anasema watoto wakipita wanaita "Bibi Salamu" na kukimbia. Mama anaendelea kukanyaga cherehani kama hasikii, ila mshono unakwenda kombo — na Mama mshono wake haujawahi kwenda kombo.

Mara ngapi ameniomba nimfundishe simu? "Kitinda, na mimi nitengenezee hiyo ya kuonana na kaka yako." Nilijibu kesho. Kila mara kesho. Nimefundisha wauza vipuri, wachoma nyama, mpaka mzee wa mochwari. Mama yangu — kesho.

Jumatano, 12 Machi

Siku hii nitaikumbuka nikiwa kaburini.

Mama kaamka, kavaa nguo zake za kwenda mjini. Anataka kwenda ofisi ya wenye mtandao. "Nataka kumwona huyo binti uso kwa uso. Wewe unajua kuongea na watu wa ofisi. Twende."

Nilitafuta sababu. Zote zilikuwa nyepesi. Tukaenda.

Tukachukua namba, tukakaa kwenye viti vya plastiki. Dirishani alikuwa kijana mmoja, tai imemkaa vibaya, mpole. Mama kamsalimia vizuri, kamwuliza habari za nyumbani — kijana kajibu zote, nikaona Mama anapata nguvu. Akamweleza. Sauti haikupanda hata kidogo. "Nilikuwa namsalimia binti wa watu kama mtu na akili zangu. Mkanirekodi. Mkanitembeza dunia nzima. Mimi nina wajukuu."

Kijana akasema hajaiona hiyo video. Muongo, alitaka tu kumsitiri. Akaitafuta, akaitazama sauti ikiwa chini. Akairudia. Nikamwona uso unabadilika.

"Mama," akasema polepole, "sisi tunarekodi sauti peke yake. Hii ni picha. Aliyeichukua alikuwa ndani ya nyumba yako. Hapa ukingoni naona fremu ya mlango."

Mama akatikisa kichwa. "Ndani tulikuwa mimi na binti yangu huyu tu. Ndiyo maana nawaambia ni nyinyi."

Kijana kanitazama. Hakunitazama kwa ukali, heri angefanya hivyo. Mwisho wa ile video kuna mtu anacheka — mimi — na kijana alikuwa ameshaisikia mara mbili. Nikatazama kalamu iliyofungwa kwa uzi pale dirishani.

Akasimama. Akaunganisha mikono, akamwambia Mama: "Tusamehe sana, mama yangu. Tumekukosea. Tutafuatilia."

Kaomba msamaha yeye! Kwa kosa langu, mbele yangu, na mimi nikasema "asante".

Mama katoka amenyooka kidogo. "Umeona? Ukienda kwa adabu watu wanakubali makosa yao."

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Mama leo mchana. Zamani ukimpigia, salamu peke yake zinamaliza vocha: umeamkaje, umekula nini, kikohozi kimepona, mwenye nyumba hajambo, yule paka je?

Leo amepokea na kusema: "Sema."

Basi. "Sema." Akangoja kidogo, akakata.

Darasani wanafunzi ni wengi bado. Mtu wa kampuni fulani kaja kuniomba nikazungumze kwenye semina ya wafanyabiashara. "Utuonyeshe ile ya bibi, tufungue nayo." Nimemwambia nitamjibu. Kwa nini sikukataa pale pale? Najiuliza hilo tangu mchana, na jibu ninalo, ila sitaki kuliandika.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia.

Sikupanga. Nilienda na unga na sabuni kama kila Jumapili, nikamkuta anakunja pindo la sketi ya shule, pini mdomoni. Nikakaa. Akatoa pini mbili, akasema, "Yule kijana wa ofisini kanipigia jana. Mtoto mzuri. Anauliza naendeleaje."

Nikauliza haraka: "Kasema nini kingine?"

"Hana jipya. Mimi ndiye niliyemwomba. Nimemwambia: yule binti wa kwenye simu msimfukuze kazi. Labda ana watoto. Labda alitumwa. Muonyeni tu."

Hapo nikashindwa. Sijui kama nililia kwanza au nilisema kwanza. "Mama, hakuna binti. Ile ni mashine. Haisikii. Video nilichukua mimi. Niliiposti mimi."

Hakushtuka. Alizitoa zile pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake cha sponji. Zilikuwa nyingi. Nilitamani zisiishe.

"Ulisimama wapi?"

"Mlango wa jikoni."

"Na shuleni? Ulipokuwa unakunja waya?"

Kumbe aliniona. "Nilijua, Mama. Nilikuwa najua."

"Na ofisini."

"Na ofisini."

Akaitandaza ile sketi mapajani, akaipapasa kama anatafuta mkunjo. "Ungekuja tu ukaniambia. Ungesema, Mama weee, hiyo ni mashine! Ningecheka na mimi. Tungecheka wote wawili hapa hapa mpaka jioni."

Nikaokota pini iliyoanguka, nikamrudishia.

Kisha akasema nifute. Nikamwambia nilishafuta, lakini watu wanayo. Watu gani? Wote, Mama. Akashangaa: kitu nimekitoa mwenyewe, nashindwaje kukirudisha? Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani — mtu anachukua nakala, anampa mwingine — na kila sentensi niliyoitoa ilikuwa inanigeukia mimi. Alisikiliza yote. Mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwa nao.

"Nionyeshe wanasema nini."

Nikakataa. Akanyoosha mkono tu. Nikampa simu, imefunguka kwenye ukurasa mkubwa kuliko zote zilizoiweka video. Akasoma maoni kwa sauti, kidole juu ya kioo, neno kwa neno. Mmoja kaandika apelekwe makumbusho. Mama kasoma mpaka nukta. Mmoja kaandika apewe redio aisalimie. Mwingine: "Mjinga, lakini ana adabu." Hapo Mama kaguna. Nikataka kumnyang'anya simu, akaniambia, "Acha. Nasoma."

Kasoma kwa muda mrefu. Chai imepoa. Halafu akauliza, "Na mtu akitaka kuwajibu, anaandikia wapi?"

Nikamwonyesha. Herufi ziko hapa, hii ya kufuta, hii ya kuacha nafasi. Nikamwambia kweli, maana kuficha nimechoka: "Mama, hiyo ni simu yangu. Ukiandika hapo itatokea jina la darasa langu, na picha yangu. Watu wataona ni mimi."

"Si ndiyo?" akasema.

Sasa kanisogeza pembeni nisichungulie. Ndiyo nimetoa daftari hili kwenye mkoba, naandika nikiwa kwenye kigoda, yeye kwenye kiti cha cherehani. Anaandika kwa kidole kimoja. Anafuta. Anaandika. Midomo inasema kila herufi, ila siwezi kuisoma kutoka hapa. Msusi atasoma. Muuza vipuri, mwalimu mkuu, Kaka — wote watasoma, kabla ya giza kuingia.

Kaniuliza sasa hivi, bila kuinua uso: "'Mwanangu' inaandikwa neno moja au mawili?"

Nimemjibu ni moja. Kidole kiko hewani bado, kinatafuta ilipo M.