Gambuti Walizozichana

Rwamgasa, Geita

Mayu wangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Michembe uliyotutumia ilifika, tumeila na chai mpaka ikaisha. Mimi mzima, na jiko langu hapa machimboni bado linawaka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningekata.

Ni kuhusu mwanao Masanja. Ile picha uliyowaonyesha majirani ukisema kanenepa, machimbo yamemkubali, ule haukuwa unene. Yalikuwa maji. Na kule kuhema, sote tulisema ni pumu yake ya utotoni, imeamshwa na vumbi la karasha la kusagia mawe. Alijipulizia dawa mdomoni, haikusaidia, na usingizi hapati mpaka aegemee ukuta. Bado tukasema pumu.

Wenzake wa duarani wakaanza maneno. Tunachimba shimo moja, tunakula ugali mmoja, mbona ananenepa peke yake? Wakasema anaficha mawe ya dhahabu kwenye gambuti. Walimkamata mbele ya jiko langu, wakavuta gambuti, hazitoki, wakazichana kwa kisu. Hapakuwa na jiwe, Mayu. Palikuwa na miguu iliyovimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Wakasema basi ameshauza, wakamfukuza pekupeku. Hata kuwatukana hakuweza, pumzi hana.

Daktari mjini Geita alisema pumu anayo kweli, lakini moyo nao umechoka. Hausukumi damu inavyotakiwa, maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu, na mtu anahema vilevile kama wa pumu. Ndiyo maana tulipotea. Moyo huo hautarudi kuwa mpya. Vidonge ni vya maisha, na shimoni asikanyage tena.

Nampandisha basi wiki hii, aje kwenu Songwa. Usimwekee chumvi, na Baba asimpe jembe kwa kumwona bado kijana. Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na mjomba anayechunga ng'ombe.

Vidonge vimemkojoza yale maji mpaka mbavu zinaonekana. Jana wale wenzake walikuja kula, wakamwona ameketi pembeni. Mmoja akacheka, akasema, "Si mnaona? Tangu tumfukuze amekonda. Huyu alikuwa anatuibia kweli."

Masanja alinitazama mimi. Nikawapakulia, Mayu. Ndio wateja nilio nao.

Mwanao,
Kabula