Jinsi Mwaitu Alivyojifunza Kumeza Upya

Kambu, Makueni
9 Machi 2025

Mpendwa dada Mwongeli,

Hujambo huko Toronto? Baridi imepungua ama bado unavaa makoti mawili? Shemeji Evanson na Kanini wenu ni wazima? Sisi huku Mungu ametushika. Mvua haijafika, lakini mawingu yameanza kukusanyika upande wa Chyulu na shamba tumeshalima.

Nimeshika kalamu kama nilivyokuwa nikikuandikia ulipokuwa shule ya bweni, kwa sababu nikikupigia simu mama huwa kando yangu anasikiliza. Mengine siwezi kuyasema mbele ya Mwaitu wetu.

Unajua kile kiharusi cha Septemba kilimlegeza upande wa kushoto. Mkono ulirudi, uso haukurudi. Mdomo ulibaki umepinda, chai ikimtoka pembeni, akawa anakula chumbani tu, mlango umefungwa. Kanisani akakataa kwenda. Fikiria, mtu ambaye sauti yake ilisimamisha mabasi ya Mombasa hapa barabarani, sisi wawili nyuma yake na beseni za maembe ya kuuza, tukiona haya kwa kelele zake! Siku hizi natamani hata ile haya.

Nililokuficha ni la Desemba. Asubuhi nilikuwa namlisha uji akiwa ameegemea mto, mimi nikiharakisha kwenda kufungua duka. Kijiko juu ya kijiko. Akikohoa nampigapiga mgongo, kisha naendelea. Siku moja akashikwa na homa, akawa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Hospitalini daktari alisema chakula kilikuwa kikipita njia ya hewa na kuingia mapafuni. Alilazwa siku tisa. Mimi nilikwambia ni kifua tu. Dada, ni mkono wangu uliomlisha. Nisamehe.

Kaka Ndolo alikuja kutoka Kwa Vonza akasema tumwache mama apumzike, umri umefika. Nilikaribia kukubali. Lakini daktari alitutuma mjini Wote kwa mama mmoja anayeitwa Nduta, ambaye kazi yake ni kufundisha ulimi na misuli ya uso kufanya kazi tena. Sikujua kuna kazi kama hiyo.

Nilimweleza Nduta nilivyokuwa nikimlisha. Hakunigombeza. Alisema, "Hukuonyeshwa. Leo utaonyeshwa." Akamketisha Mwaitu wima, kidevu amekiinamisha, akampa uji mzito kwa kijiko kidogo. Anameza mara mbili, tunangoja, ndipo kingine. Halafu mazoezi: kusukuma kijiko kwa ulimi, kulamba asali pembeni mwa mdomo, kujaza hewa mashavuni na kuipuliza. Hapo kwa mashavu alishindwa kabisa. Hewa ilitorokea upande uliolegea, naye akageukia ukuta, machozi yakimtoka.

Nikakumbuka jikoni kwetu, zile kuni mbichi, yeye amepiga magoti mbele ya mafiga, mashavu yamevimba, na wewe ukimwigiza nyuma yake mpaka nacheka tunafukuzwa. Nikamwambia kwa Kikamba, "Mwaitu, moto unazimika na watoto hawajala."

Alinitazama. Akabana ule upande wa mdomo kwa vidole, akavuta pumzi, akapuliza. Ilikuwa kidogo tu, lakini karatasi aliyoishika Nduta mbele ya mdomo wake ilitikisika.

Tangu siku hiyo ni mara tatu kwa siku mbele ya kioo. Nafanya pamoja naye, tunatoleana ulimi kama watoto. Sitakudanganya, muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, bado hauwezi, na hata maji tunayatia unga wa hospitali yawe mazito. Kuna siku anachoka anatupa kijiko. Lakini tangu Januari hajapata homa, na kifua hakikoromi tena.

Wiki jana Ndolo alipokuja, Mwaitu alitoka chumbani na bakuli lake akaketi nasi mezani. Akainamisha kidevu, akameza mara mbili, akamgeukia: "Na wewe Ndolo, usile haraka." Ndolo aliweka kijiko chini akatoka nje. Alikaa huko sana, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Jina lako ndilo linamshinda, pale mwanzo midomo inapotakiwa kukutana. Namsikia akilifanyia mazoezi chumbani, najifanya sisikii. Jumapili ya Pasaka baada ya ibada anataka kukupigia mwenyewe. Akianza kukuita, dada, usimmalizie neno. Mngoje. Hata kama itachukua muda, mngoje alifikishe.

Shangazi Kasyoka anakusalimu, na Ndolo, na akina mama wote wa kanisa. Mwambie Kanini nyanya yake anamtumia busu, la upande mmoja kwa sasa. Bwana awafunike kwa mkono wake, mtokapo na mrudipo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Mutanu