Picha ya Kupimia Mwanga

Baba,

Sisi wazima. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na mjukuu wako ameanza kutembea. Picha za maporomoko ya maji zimefika. Nzuri. Haya, nimekusifu.

Unauliza kwa nini sipokei simu zako. Siku ya msiba wewe ulikuwa unalia mbele ya wageni, mimi na shangazi tunapekua kompyuta yako kutafuta picha ya mama ya kuweka juu ya jeneza. Ndege tuliwaona. Madaraja, milima, mpaka mijusi! Mama hayumo. Kila safari ulimsimamisha juani umpige picha ya kupimia mwanga, kisha, "Haya, mama watoto, sogea sasa," ukapiga mlima wako, yeye ukamfuta. Na alikuwa anasogea, tena amekubebea begi! Tukamzika bila picha. Kaburi halijakauka, wewe huyoo, maporomokoni.

Jana nimepata moja uliyosahau kuifuta. Amekunja uso kwa jua, begi lako begani, anakucheka. Nimeiweka humu kwenye bahasha. Nyuma yake kuna mlima. Ole wako uanze kuutazama huo mlima.

Binti yake