Mtoto Niliyekuandikia

Mwalimu Nafula,

Neema hayupo. Hakuwahi kuwepo. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na ninakuambia wewe kwa sababu ndiwe uliyekwenda kumtafuta.

Ulitupa kazi ile muhula wa mwisho wa kidato cha tatu. Kila msichana achague mtoto mmoja mdogo mtaani kwake, amtazame kila wiki, aandike daftarini anavyokua. Wenzetu wa shule nyingine walikuwa wakishona foronya na kuoka keki katika sayansikimu. Wewe ulisema keki ulishaoka za kutosha. Ukatusimulia kile kikundi chenu cha akina mama kabla ya Uhuru, ambapo bibi wa Kizungu aliwafundisha kupanga uma tatu mezani, na nyumbani mlikuwa watu saba chumba kimoja, kijiko kimoja. "Walitufundisha meza," ulisema. "Hakuna aliyetufundisha mtoto." Darasa likacheka. Mimi niliyaandika maneno hayo.

Nilitaka kuifanya vizuri. Nilikwenda hadi mlangoni kwa jirani yetu mwenye mtoto, hapa mtaani Mbotela, nikainua mkono nigonge. Nikasikia watu wanazungumza ndani. Mkono ukakataa. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu niliketi kitandani nikaandika: "Neema, miezi kumi na mitano, meno sita. Hapendi nguo ipitishwe kichwani, hulia."

Alikuja kwa urahisi hata nikaogopa. Kila Ijumaa nilijua alichokula na alipoanguka. Wasichana walinitania nje ya darasa: "Niaje, Bubu! Mtoi wako ameanza kuongea, ama amekufuata wewe?" Nadhani ndiyo sababu niliandika kwamba haongei. Kufikia kidato cha nne alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, na hajatamka hata neno moja.

Nilidhani utaweka alama tu. Lakini uliniita mezani kwako, ukavua miwani. "Wambui, mama, huyu umemtazama kweli." Ukauliza kama akiitwa kwa nyuma hugeuka. Nikasema sijui. Ukasema, "Hilo si jambo la kungoja. Nipeleke kwao." Nikasema mama yake ni mkali. Nikasema wako karibu kuhama. Nilisema mengi siku hiyo, mimi ambaye hujibu watu kwa kichwa.

Jumamosi ukaja peke yako. Nilikuona ukigonga mlango baada ya mlango kwenye mvua ile, mwavuli wako umegeuzwa na upepo, mpaka nyumba ya mwisho karibu na bomba. Nilikuwa nyuma ya pazia. Ningetoka. Hatua kumi tu, Mwalimu, na ungekwenda nyumbani ukiwa mkavu. Jumatatu hukuja shuleni. Tukaambiwa ni kichomi. Kisha tukaambiwa tufue sare zetu, tunakwenda mazishini kukuaga.

Nimemaliza shule sasa. Chumba cha sayansikimu wamekifanya stoo ya viti vibovu, wadogo zetu wanasomea biashara. Baada ya mtihani, Dada Nasimiyu, binti yako, alinitafuta mpaka akanipata. Alinipa sweta ndogo ya manjano. "Mama alimfumia yule mtoto wako," akasema. "Ona, ameweka vifungo begani. Ati hapendi kupitishiwa kichwani." Akaniambia pia kwamba ulilionyesha daftari langu kanisani kwenu, na sasa nasari yao ya watoto inanitaka nisaidie kufundisha. Naanza Jumatatu. Mama amefurahi, anamwambia kila mteja wake wa mboga.

Lakini Neema hanitoki. Na si mimi peke yangu. Juzi bombani akina mama walikuwa wakikutaja, vile ulivyolowa ukimwuliza kila mtu habari za mtoto asiyesema. Mmoja akasema alikuwa wa yule msichana aliyehamia Dandora. Mwingine akasema, "Ah, si nilikuwa nakaona! Kalikuwa kanapita hapa, kanaangalia tu watu, hakasemi." Alisema alimwona, Mwalimu. Alionyesha na kimo chake. Ndoo yangu ilijaa ikamwagika.

Jana mchana nikianika nguo niliona miguu miwili midogo upande wa pili wa shuka. Nilijua ni ya mtoto yeyote tu wa hapa. Hata hivyo nikaita, polepole, "Neema." Miguu haikusogea. Niliogopa kulifunua shuka. Nilirudi ndani nikaacha nguo zingine kwenye beseni.

Siwezi kuingia katika darasa la watoto wa kweli namna hii. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwa Dada Nasimiyu, nimwambie yote, hata habari ya pazia. Najua anaweza kunichukia. Najua kazi inaweza kupotea, na Mama atauliza kwa nini. Nimejizoeza maneno ya kwanza mbele ya kioo, na sauti inatoka, ndogo lakini inatoka. Nakuahidi hilo.

Na kama bado unamtafuta huko uliko, Mwalimu, acha sasa. Keti. Vua viatu vilivyolowa.

Ila kwa siku hizi tatu zilizobaki nakuomba unifichie. Nataka Dada Nasimiyu alisikie kwangu, kwa mdomo wangu. Mpaka hapo, tafadhali, usimwambie mtu.

Wako,
Wambui