Maji ya Kwanza Humwagwa

Mbinya,

Nimeenda sokoni Kwa Vonza na nyanya yako. Muthokoi uko kwenye sufuria, pasha ule. Ukitoka, fungia kuku.

~~Usiende mtoni peke yako.~~ Nimefuta hiyo. Nenda tu.

Asubuhi kule mtoni nilikugombeza mbele ya watu, eti unamwaga maji kama bado tuko Nairobi kwa mfereji. Ukaendelea kuchota yale machafu na kuyatupa mpaka shimo ulilochimba mchangani likatoa maji safi. Nyanya ndiye amenieleza sasa hivi kwamba alikufundisha hivyo. Mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa nimesahau. Na debe la kwanza ukanijazia mimi.

Jioni twende tena. Wewe utachimba, mimi nitabeba. Usijivune lakini.

Mama