Imamu Aliyeomba Ridhaa

Mjukuu wangu Rahma,

Je, Uislamu na serikali ya kuchaguliwa na watu vinapatana? Swali lako hilo nami nimehangaika nalo tangu nilipokuwa chuo kikuu. Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mlandege sote wazima. Mama yako anakusalimu.

Nilipokuwa msichana, baba yangu alikuwa imamu wa msikiti wetu Makunduchi. Ijumaa moja, baada ya sala, aliwageukia watu akasema, "Imamu anayechukiwa na watu wake sala yake haipandi. Bado mnaniridhia?"

Jirani yetu mvuvi akajibu, "Maalim, tunakupenda, lakini kwa sura zako ndefu, maji hupwa yakajaa tena nasi tungali tumesimama!"

Watu wakacheka, ila wengi wakaitikia, "Kweli." Wakamtaka mwalimu wa madrasa awe imamu.

Baba akavua joho, akamvika. Alasiri akasali nyuma yake. Nilisisimka: mtu aliyemcha Mungu kiasi kile aliogopa kuwaongoza watu bila ridhaa yao.

Hapo huona kwamba hivyo viwili ulivyouliza vinapatana. Lakini yakini sina, mjukuu wangu, kwani siku ile sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Mimi nilitaka baba abaki, wala hakuna aliyeniuliza.

Bibi yako akupendaye