Kwa Waya, Kuhusu Kifua Chetu

Mpendwa Waya, shangazi yangu,

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nililala kifudifudi. Nilitandika mkeka sebuleni, nikalala tumbo chini kama mtoto, shavu juu ya mkono, na usingizi ukanichukua pale pale. Mara ya mwisho kulala hivyo nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikiishi kwako Kisegi. Nilipoamka, mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Ndipo nikakumbuka kwamba huu ni mwaka wa sita tangu tukuzike. Basi nakuandikia, na wengine wakiisoma barua hii si neno. Huenda yuko mmoja anayeyahitaji haya.

Baba, kaka yako, alinileta kwako ili yeye aende kuchimba dhahabu Masara. Ulinipokea kwa samaki na swali moja tu: "Huyu mtoto anajua kuogelea?" Sikujua. Ulinifundisha mwenyewe, mkono wako chini ya mgongo wangu. Na kifua changu kilipoanza kukua, haraka kuliko cha wasichana wote darasani, hukunicheka. Ulinipima kwa kipande cha kamba, ukakata shuka la zamani, ukanishonea sidiria yenye mikanda mipana kama kiganja. Nikaenda shule nimenyooka.

Nakumbuka tulivyokuwa tukioga ziwani upande wa wanawake. Uliinua titi moja, kisha la pili, ukaosha chini yake polepole kama mtu anayeosha kidonda. Nilikuwa mdogo. Sikujua kwamba kweli ulikuwa unaosha kidonda. Siku moja nikakuuliza, "Waya, yanauma?"

"Ni mazito, nyathina, mwanangu," ukasema. "Nyanya yako aliyabeba, mimi nayabeba, na wewe utayabeba. Tunabeba tu." Kisha ukanirushia maji usoni, tukacheka mpaka wenzetu wakauliza kuna nini.

Ulipotuacha nilikuwa na kilo mia moja thelathini na mbili. Hukuwahi kujua, maana kila nilipokuja ulisema nimenona vizuri. Mwaka uliofuata sukari ikapanda. Daktari akaniambia nisipopungua, magoti yatanikatalia kabla ya miaka hamsini. Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule ya kibinafsi hapa Masara, na nilikuwa nikisimama mbele ya watoto nikiwa nimeegemea meza. Nikaacha soda. Nikapunguza ugali, nikaongeza mboga. Kila asubuhi kabla mashine za kusaga mawe hazijaanza kutimua vumbi, nilitembea hadi barabara kuu na kurudi. Miaka miwili na miezi kadhaa, Waya. Nikafika kilo sabini na sita.

Masara yote ikajua kwamba ninakufa. Mama Beldina wa kanisani kwetu alikuja na uji wa wimbi, akanishika mkono. "Mwalimu, siku hizi kuna dawa. Meza tu, usiogope watu."

"Mama, mimi ni mzima. Nimeacha soda."

Akanitazama kwa huruma. "Hata shemeji yangu alisema hivyo hivyo."

Nilicheka sana, lakini ndani ya nguo mambo hayakuwa ya kuchekesha. Mafuta yaliondoka, ngozi ikabaki. Matiti yalishuka karibu na kitovu, na bado yalikuwa mazito. Nilikuwa nayakunja kila asubuhi na kuyapanga ndani ya sidiria kama mtu anayefungasha nguo. Chini yake palikuwa na unyevu siku nzima. Fangasi ilitoka, ikapona, ikarudi. Ngozi ilichanika. Mikanda ilinichimbia mabega, na saa nane mchana nilikuwa siwezi kuinua mkono kuandika ubaoni. Nilikata leso vipande vipande nikaviweka chini ya matiti, na siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini leso zako zote zilikuwa fupi.

Nikaenda Homa Bay kumwona daktari wa upasuaji, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini. Alinitazama kwa utulivu, akasema, "Haya yanaweza kupunguzwa na kuinuliwa. Kwako wewe hii ni tiba." Alijaza fomu ya kuomba idhini ya bima tuliyokatiwa na shule. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu, sentensi moja: upasuaji wa urembo haugharamiwi.

Nilikunja ile barua nikaiweka ndani ya Biblia. Mwezi mzima sikumwambia mtu. Nilijisemea, basi, tunabeba tu.

Aliyenitoa hapo ni daktari mwenyewe. Alinipigia simu kuuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia wamekataa.

"Wamekataa karatasi," akasema. "Karatasi haikuwaambia chochote. Hivyo vidonda ulikuwa unatibiwa wapi?"

Zahanati ya hapa Masara. Nikaenda. Muuguzi alifungua faili yangu, na Waya, kila kitu kilikuwemo: kila mara nilipokwenda, kila dawa niliyopewa, hata siku niliyopewa ruhusa ya kukaa nyumbani kwa sababu ngozi ilikuwa imetoa usaha. Mara kumi na moja. Nilisoma nikashangaa kama nasoma habari za mtu mwingine. Akafunga mlango, akanipiga picha za ushahidi kwa simu yangu, kuanzia shingo kwenda chini. Sijawahi kuona aibu kama ile, nikasimama hivyo hivyo mpaka akamaliza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye akaandika kuhusu mgongo. Iliyobaki ilikuwa barua yangu ya kukata rufaa. Niliiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya hasira, ya pili ya kuomba, ya tatu ilijaa maneno makubwa ya mwalimu. Ya nne niliwaeleza tu Jumatatu yangu moja, tangu kuoga hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Siku kumi baadaye simu ililia wakati wa mapumziko. Walimu wenzangu walikuwa wanakunywa chai. Ilikuwa sauti ya mwanamume kutoka ofisi ya bima.

"Mwalimu, nimesoma faili yako. Lakini nikuulize wazi: lengo si kupendeza?"

"Ndugu yangu," nikasema, "lengo ni kukauka."

Nikasikia akifunua karatasi. Kisha akasema, taratibu, "Nieleze."

Nikamweleza. Mbele ya chai na mandazi na walimu saba, nikamweleza mwanamume nisiyemjua habari za vidonda chini ya matiti yangu. Nilipokata simu, hakuna aliyekuwa anatafuna.

Wakakubali kifua. Ngozi ya tumbo waliikataa, na tumbo nimebaki nalo, linakaa ndani ya sketi bila matata.

Mama Beldina alipopata habari alisikitika. "Mungu hakosei vipimo, mwalimu." Nilimjibu kwa utani, lakini neno lile lilinisumbua kuliko bima yote, kwa sababu nililisikia kwa sauti yako. Je, ungesema nimetupa urithi wenu? Nilizunguka na swali hilo siku nyingi. Kisha nikakumbuka mwaka ulipokwenda kutolewa mtoto wa jicho, na wazee walikukataza, wakisema jicho la mtu halichezewi. Uliwaambia, "Mungu aliniumba nione. Hakuniumba nipapase." Ukafunga leso, ukaondoka. Nikajua ungenisindikiza.

Asubuhi ya upasuaji daktari alinisimamisha akanichora kifuani kwa kalamu, mistari na nusu duara, kama fundi anayepima kitambaa. Nilimwambia shangazi yangu alikuwa mshonaji. Akasema, "Basi ataelewa." Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa maumivu, ingawa yalikuwepo. Nilihisi mabega yangu yamepanda juu, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa ananivuta chini miaka yote na sasa ameachilia.

Sitakudanganya. Mshono mmoja ulichelewa kufunga, nikaenda kusafishwa wiki tatu. Chuchu ya kushoto haihisi kitu, na daktari anasema huenda isirudi kuhisi. Makovu yapo, mekundu bado. Lakini chini ya matiti pamekauka, Waya. Napaka mafuta tu. Mama Beldina aliniletea samaki mbuta wa mchuzi, akakaa, akazunguka zunguka na maneno, mwishowe akasema, "Hebu nione." Nikafungua vifungo. Aliangalia kwa muda mrefu. "Kumbe," akasema, "Mungu anaruhusu marekebisho." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewaeleza watu wengine kanisani.

Likizo hii nilikwenda Kisegi. Kitinda mimba wako, Atieno, alikuwa anageuza dagaa wa omena kwenye nyavu juani. Alinitazama kutoka shingoni hadi kiunoni, akaacha kazi, akanivuta ndani. Alifungua blauzi, akatoa kitambaa kilicholowa. Nikajua harufu kabla sijaona.

"Mimi sina bima ya shule," akasema. "Mimi nauza omena."

"Sijakwambia bima. Nakwambia twende ukaandikwe."

Tulikwenda zahanati kwa miguu, yeye akinung'unika njia nzima kwamba omena zitaliwa na bata. Muuguzi alikuwa binti mdogo. Akachukua kalamu, akauliza imeanza lini. Atieno akanitazama. Nilidhani angesema wiki jana, jinsi wanawake wa nyumba yetu wanavyosema. Akajikohoza, akasema, "Tangu nikiwa na miaka kumi na tano." Ana miaka thelathini na minne. Binti akainua macho, kisha akaandika yote, bila haraka, na Atieno akaendelea kusema hata pale alipokuwa haulizwi.

Sijui kama siku moja atafika kwenye kitanda cha yule daktari wa Homa Bay. Ameanza kuulizia bima ya serikali, na mimi namfuatilia. Alitoka na dawa mkononi na tarehe ya kurudi. Njiani aliniuliza maswali mpaka tukafika nyumbani, na bata walikuwa wamekula kweli.

Oriti, kwaheri, Waya. Mabega yako yaendelee kupumzika huko uliko. Huku tuko wazima.

Mtoto wa kaka yako, uliyemfundisha kuogelea,
Akoth